Mlango wa Maumivu

Mifupa ya mgongo imepangwa kama shanga, na ndani yake imepita kamba laini ya mishipa ya fahamu. Habari nyingi za kuguswa hupanda upande wa nyuma wa kamba hiyo. Mwaka 1965 wataalamu Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba humo mna kitu mfano wa mlango: habari za kuguswa zikizidi, zile za maumivu huzuiwa. Ndiyo maana mtu akijikwaa husugua kidole. Basi mwaka 1967, huko Marekani, daktari Norman Shealy alimwekea mgonjwa wa saratani waya wa umeme mdogo upande huo wa nyuma, maumivu yakapungua. Matibabu haya hayaondoi ugonjwa, wala hayamfai kila mtu. Lakini kwa aliyekeshwa na maumivu, usingizi wa usiku mmoja si kitu kidogo.