Ngano ya majira ya baridi
Ngano ya majira ya baridi ni ngano inayopandwa kati ya Septemba na Novemba katika nchi zenye baridi kali, kama vile Urusi, Ukraine na Marekani. Huota mapema, hukaa changa wakati wote wa baridi, mara nyingi chini ya theluji, kisha huendelea kukua na kuvunwa kati ya Juni na Agosti, punje zinapokauka.

Miche yake huhitaji wiki kadhaa za baridi, takriban sentigredi 0 hadi 10. Isipoipata, hutoa majani bila masuke. Kwa hiyo haifai kupandwa Makuyuni, wilaya ya Korogwe, hata mvua ikitosha; huko hulimwa mahindi.

Ngano ya Tanzania ni ya aina isiyohitaji baridi hiyo. Hustawi nyanda za juu, kama vile Hanang, Karatu, Siha na Makete. Huko Hanang mashamba makubwa ya serikali yaliendelezwa miaka ya 1970 na 1980 kwa msaada wa Kanada, na wafugaji Wabarabaig wakapoteza malisho yao. Hata hivyo, sehemu kubwa ya ngano inayoliwa nchini hutoka nje.