Maboksi 5,000 Yaliyopita Tabora: Meli Iliyoungwa Kama Roboti la Gundam

Tangu mwaka 2011 kuna Kombe la Dunia la watu wanaounganisha maroboti ya plastiki. Umesoma vizuri, Kombe la Dunia. Hakuna mpira pale. Kuna boksi, kuna vipande vidogovidogo, msasa, gundi na rangi, na kuna majaji wanaolizungukia roboti la sentimita chache kama watu wanaokagua gari la harusi.

Utamu wa mashindano yale ni huu: majaji hawakipi pointi kiwanda. Boksi anaweza kununua yeyote mwenye hela. Wanachopima ni mikono ya aliyeliunga. Kaunga vipi, kapaka rangi vipi, kaongeza ubunifu gani.

Lishike hilo neno, mikono. Stori hii inaanzia Japani, inapita Tabora, inaishia Kigoma, na imejaa watu ambao mikono yao ilifanya kazi nzito halafu majina yao hayapo popote.

ROBOTI LA YENI 300

Aprili 1979 televisheni za Japani zilianza kuonyesha katuni inaitwa Mobile Suit Gundam. Ni vita ya angani, na askari wanaingia ndani ya maroboti makubwa kama anavyoingia dereva kwenye greda. Kwa wale waliokulia kwenye kibanda umiza wakitazama Power Rangers na Transformers, hapo hakuna geni. Ila mwanzoni ile katuni haikupata watazamaji. Ilipangwa iende sehemu 52, ikakatwa na kuishia sehemu ya 43, Januari 1980.

Kilichoiokoa ni boksi. Julai 1980 kampuni ya Bandai ilitoa roboti la kwanza la kuunganisha mwenyewe, kwa bei ya yeni 300. Kwenye katuni roboti lile lina urefu wa mita 18. La kwenye boksi limepunguzwa mara 144, linabaki sentimita 12 na nusu, fupi kuliko kalamu. Watoto walilipenda kinoma. Madukani yakawa hayakai.

Ukifungua boksi hukuti roboti. Unakuta fremu za plastiki zenye vipande vilivyoshikana nazo, kila kipande na namba yake, na karatasi ya maelekezo. Unakata kwa plaizi, unasugua kovu la pale ulipokata, unaunga. Yale ya zamani yalitaka gundi na rangi juu. Baadaye yakaja yanayobana yenyewe bila gundi, na plastiki imeshatiwa rangi kiwandani.

Wajuzi wana mambo yao ya kutazama. Kwanza, vipande vinakaa sawasawa au vinaacha mwanya? Pili, mstari wa maungio unaonekana? Tatu, viungo vinakunja, goti linapiga goti kweli? Nne, na hili ndilo kubwa, roboti linasimama? Ukiligusa linayumba na kuanguka, basi hata uzuri wake wa kwenye picha haulisaidii.

Haya maswali manne yaweke mfukoni. Yatatumika.

KABLA YA PLASTIKI

Sasa Tabora inaingiaje humu? Katuni ile haihusiani na Tabora. Lakini wazo lenyewe, la kukivunja kitu kikubwa vipande, kukisafirisha na kukiunga upya mbali, lilipita kwenye njia za misafara ya huku zaidi ya miaka 100 kabla ya boksi la yeni 300.

Sababu ni rahisi. Wazungu walitaka kufika kwenye maziwa makuu na vyombo vyao. Kutoka Bagamoyo mpaka Tabora ni kama kilomita 800, na ukitaka Ujiji unaongeza tena kama 400. Reli haikuwepo. Barabara haikuwepo. Wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o. Kilichokuwepo ni mabega ya watu.

Na mabega yenye sifa kuliko yote yalikuwa ya Wanyamwezi. Kwa kijana wa Unyamwezi, kwenda pwani na mzigo ilikuwa ni jando la namna yake. Ukirudi, unaitwa mwanaume. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu, kichwani au begani, siku baada ya siku, nyuma ya kirangozi anayeongoza msafara. Watu wa pande zote za nchi hiyo, mpaka huku ilipo Ziba ya leo, wilayani Igunga, waliijua kazi ya msafara kama vijana wa sasa wanavyoijua bodaboda.

BOTI LA MPENZI

Mwaka 1874 Henry Morton Stanley alifika Zanzibar na boti lake la mbao limetengenezwa Uingereza. Urefu futi 40, limegawanywa vipande vitano ili libebwe na watu. Akaliita Lady Alice, kwa jina la mchumba wake wa Marekani, Alice Pike.

Vipande vilipopimwa vikaonekana vizito mno kwa wabebaji, ikabidi vikatwe upya kabla ya safari. Ujue maana yake: mchoraji wa Uingereza alikosea hesabu, na bila kurekebishiwa huku mradi wote ungekwama pwani.

Novemba 1874 msafara ukatoka Bagamoyo. Safari hiyo Stanley hakupita Tabora mjini. Kutokea Ugogo alikunja kaskazini, akapita Ituru na Iramba mpaka Usukuma, nchi inayopakana na Igunga. Njaa ikawapiga, maradhi yakawapiga, vita vikawapata njiani. Waliobeba vipande vya boti hawakuwa na ruhusa ya kuvitupa hata siku moja, maana kikikosekana kipande kimoja boti zima halina kazi. Machi 1875 vipande vikaungwa kando ya Ziwa Victoria, boti likaelea, likalizunguka ziwa zima. Baadaye likabebwa tena hadi Ziwa Tanganyika, tena hadi Mto Kongo.

Na Alice je? Januari 1876, wakati boti lenye jina lake liko kwenye mabega ya watu katikati ya Afrika, bibie aliolewa na mwanaume mwingine huko Marekani. Stanley alikuja kujua baada ya safari.

Tazama hapo nani anakumbukwa. Mchumba aliyeolewa na mtu mwingine, jina lake liko kwenye kila kitabu cha safari ile. Wachache wa msafara walitajwa, kama Uledi aliyekuwa nahodha wa boti. Lakini wengi walioweka vipande vya Lady Alice begani hawakumbukwi kwa jina.

Baada ya hapo wakaja wamisionari wa Kiingereza na boti la chuma, Morning Star. Mwaka 1882 kuingia 1883 lilipelekwa vipandevipande kutoka pwani mpaka Ujiji kwa mikokoteni inayovutwa na watu. Umeelewa? Vipande vya boti la chuma, porini, kwa mikono.

MZIGO MKUBWA KULIKO YOTE

Halafu Wajerumani wakaja na balaa lao.

Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer, mji wa Papenburg, kiliunda meli ya urefu wa mita 71 kwa ajili ya Ziwa Tanganyika. Shida ni kwamba hakuna mto wala bahari inayoifikisha meli ya mita 71 Kigoma. Wakafanya kile anachofanya mtu wa Gundam kwa kurudi nyuma: waliiunga kwanza, wakaifungua, wakaipanga kwenye maboksi 5,000, wakayapakia kwenda Dar es Salaam.

Kutoka Dar yakapanda treni. Reli ya Kati ilikuwa imeshafika Tabora mwaka 1912, na mwanzoni mwa 1914 ikagusa Kigoma. Kwa hiyo meli nzima ya chuma, ikiwa imelala ndani ya maboksi, ilipita Tabora kwenye behewa. Njia ni ileile waliyopita wapagazi. Ila safari hii reli ndiyo iliyobeba, na kazi ya mpagazi wa masafa marefu ikawa inaelekea ukingoni.

Kigoma ndiko kwenye kazi yenyewe. Mafundi watatu wa Meyer walitumwa kusimamia. Waliokuwa wakiinua mabamba ya chuma, wakipuliza moto na kugonga ribiti walikuwa vibarua wa Kiafrika na mafundi wa Kihindi. Katikati ya kazi Vita vya Kwanza vya Dunia vikalipuka Ulaya. Waliendelea. Tarehe 5 Februari 1915 meli ikaingia majini.

Ikapewa jina Graf von Götzen. Huyo ni nani? Ni gavana wa Kijerumani aliyekuwa madarakani vita vya Majimaji vilipoanza mwaka 1905 na watu wa kusini wakauawa kwa risasi na kwa njaa. Yaani kibarua Mwafrika anagonga ribiti kwenye chuma chenye jina la mtu aliyewamaliza ndugu zake.

Meli ikawekewa mzinga, nao ulitoka kwenye meli ya kivita Königsberg iliyozamia Rufiji. Baadaye vita vya nchi kavu vilipokolea, mzinga wa kweli ukaondolewa, pale mahali pake ukawekwa wa mbao. Kwa hiyo meli iliyotoka kwenye maboksi ikawa na mzinga wa kuchonga! Kutoka mbali adui anaona mzinga, na hiyo ilitosha.

Julai 1916 Wajerumani walipoona Kigoma inawatoka, waliipaka mashine grisi nzito, wakaizamisha meli wenyewe. Miezi miwili baadaye, Septemba 1916, Tabora nayo ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji.

TUITOE MARKS

Sasa yatoe yale maswali manne mfukoni.

Vipande vilikaa sawasawa? Mwaka 1924, karibu miaka minane tangu izamishwe, Waingereza waliinyanyua. Mwili ulikuwa mzima, na mashine ilikuwa bado inafaa.

Maungio? Yale yaliyogongwa Kigoma yalishika.

Viungo vinafanya kazi? Mei 1927 ilirudi kazini kwa jina jipya: Liemba, jina la kale la sehemu ya ziwa lile. Jina la gavana likafutwa. Miaka ya 1970 ikatolewa mashine ya mvuke ikawekewa ya dizeli, safari zikaendelea.

Inasimama? Mwaka 1997 ilirudisha wakimbizi Kongo. Mwaka 2015 Warundi walipokimbilia kijiji cha Kagunga, Liemba ndiyo iliyowachukua kuwapeleka Kigoma, zaidi ya miaka 100 tangu chuma chake kitoke Ujerumani. Watu wenye watoto mgongoni walipanda juu ya chuma kile kile kilichopita Tabora ndani ya maboksi.

Kwa vipimo vya wale majaji wa maroboti, hiyo ni kazi ya kupewa kombe.

Ila kombe anapewa nani? Hapa ndipo shida ilipo. Ukisoma habari za meli hii, jina la kiwanda lipo. Jina la gavana lipo. Majina ya mafundi watatu wa Kijerumani yapo. Inaaminika hata filamu ya The African Queen ya mwaka 1951 ilipata wazo lake kutokana na meli hii, kwa hiyo waigizaji wa Hollywood nao wamo. Wale waliogonga ribiti wanaitwa "vibarua", basi. Walioshusha maboksi kwenye behewa wanaitwa "wenyeji". Waliobeba Lady Alice kabla yao wanaitwa "wapagazi". Ni neno moja la kufunika watu maelfu.

Mtu anaweza kusema: si walifuata maelekezo tu ya Mzungu? Sawa. Lakini hata yule bingwa wa Kombe la Dunia anafuata karatasi ya maelekezo ya Bandai, na hakuna anayesema kombe lipelekwe kiwandani. Kuunga ni ufundi kamili. Ribiti ikigongwa vibaya meli inavuja, na hakuna jina la gavana litakaloziba tundu.

Na hili si la zamani tu. Pikipiki nyingi zinazokimbia Tabora, Nzega na Igunga zilikuja nchini zikiwa vipande kwenye maboksi, na kuna kijana aliyezifunga nati moja moja mpaka zikawaka. Kwenye tangi linasomeka jina la kiwanda. La kijana halipo. Abiria anapofika salama, hamuulizi mtu ni nani aliyekaza gurudumu la mbele.

Watoto wa huku wanaotengeneza magari ya waya na matairi ya kandambili wameshalijua hili bila kufundishwa. Gari likikata kona vizuri, mtaa mzima utasikia: hilo ni la fulani, mtoto wa fulani. Kwao gari ni la aliyelitengeneza.

Kwa hiyo mdau, kama una babu au bibi Kigoma, Ujiji, Tabora au Ziba, muulize mapema. Nani wa ukoo wenu aliwahi kwenda pwani na mzigo? Nani alifanya kazi relini, nani bandarini? Likipatikana jina moja tu, liandike mahali. Kwenye orodha ya walioiunga meli ile, nafasi za majina ya huku bado ziko wazi zote.