Mji ukifika shambani kwako: mambo ya kujua Handeni na Korogwe

Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, kila moja ina halmashauri mbili: ya wilaya na ya mji. Ndani ya mipaka ya halmashauri za mji hakuna maduka na stendi tu. Yamo pia mashamba ya mahindi na mihogo. Miji inapopanuka, mwenye shamba pembezoni anahitaji kujua haki zake kabla wapimaji hawajafika.

Tofauti ya kijijini na mjini

Kijijini hutumika Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Halmashauri ya kijiji ndiyo husimamia ardhi, na hati ya hakimiliki ya kimila inaweza kutolewa bila ukomo wa muda. Mjini hutumika Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999. Hati miliki haizidi miaka 99, na mwenye nayo hulipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Kodi ya majengo ni nyingine. Tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU.

Nani huamua?

Chini ya Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007, eneo hutangazwa kuwa la mipango miji baada ya mkutano na wananchi, idhini ya Waziri wa Ardhi na tangazo katika Gazeti la Serikali. Tangazo hilo peke yake halimnyang'anyi mtu shamba. Linaelekeza matumizi ya ardhi, ikiwemo kuomba kibali kabla ya kujenga.

Kuhamisha ardhi ya kijiji kuwa ardhi ya jumla ni hatua nyingine. Ikiwa eneo halifiki hekta 250, yaani ekari 600 na ushee, mkutano mkuu wa kijiji ndio hukubali au kukataa. Likizidi hapo, kijiji hutoa mapendekezo na Waziri huamua.

Fidia

Ardhi ya kijiji haihamishwi kabla fidia haijakubaliwa. Fidia si ya mazao na nyumba tu. Inahusu pia thamani ya ardhi yenyewe kwa bei ya soko, usumbufu, usafiri, malazi na faida iliyopotea. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi 6, mlipaji hudaiwa riba.

Kwa nini viwanja huwa ghali?

Kupima kunahitaji fedha. Kupitia mpango wa Kupanga, Kupima na Kumilikisha, Serikali hukopesha halmashauri bila riba. Nazo hupima, huuza viwanja na kurejesha mkopo. Ekari moja ina takriban mita za mraba 4,000. Ukitoa nafasi ya barabara, hupatikana viwanja 6 au 7 vya mita za mraba 400. Anayeuza ekari kabla ya upimaji humwachia mnunuzi ongezeko hilo la thamani.

Ufanye nini?

Hudhuria mkutano mkuu na hakikisha maamuzi yameandikwa kwenye muhtasari. Uliza kwa ofisa ardhi wa halmashauri kama eneo lenu limetangazwa. Usisaini fomu ya uthamini kabla ya kuhesabu kila kilichoandikwa, na ubaki na nakala. Shamba la familia lisiuzwe bila mwenza wako kuridhia. Mgogoro ukitokea, anzia baraza la ardhi la kijiji au la kata kwa usuluhishi. Ukishindikana, nenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.