Pemfigasi vulgarisi

Pemfigasi vulgarisi ni ugonjwa adimu wa ngozi na utando laini wa kinywa, usioambukiza, ambapo kingamwili za aina ya IgG hushambulia desmogleini 3, na mara nyingi desmogleini 1 pia, protini zinazoshikamanisha seli za tabaka la juu la ngozi. Seli zikiachana, hutokea malengelenge tepetepe yanayopasuka upesi na kuacha vidonda vyenye maumivu. Kwa wengi vidonda huanzia kinywani, wakati mwingine miezi kadhaa kabla ya ngozi kuathirika, jambo linalochelewesha utambuzi. Ngozi inayoonekana nzima kando ya lengelenge huchubuka ikisuguliwa kwa kidole. Hiyo ndiyo dalili ya Nikolsky. Kabla ya dawa za kotikosteroidi kuanza kutumika miaka ya 1950, wagonjwa wengi walikufa. Dawa ya rituksimabu iliidhinishwa Marekani kutibu ugonjwa huu mwaka 2018.