Mchungaji Mwema wa Goa

Katika majumba ya makumbusho ya London na Lisbon zimo sanamu ndogo za pembe ya ndovu, zilizochongwa Goa, Bara Hindi, katika karne ya 17. Itazame moja, ewe msomaji. Mtoto ameketi juu ya jabali, amekunja miguu, amefumba macho na kuegemeza shavu kiganjani. Mwana-kondoo amepumzika begani pake, na kibuyu kinaning'inia kiunoni. Chini yake kondoo wanakunywa maji ya chemchemi; na chini kabisa, pangoni, Mariamu Magdalene amejilaza akisoma kitabu. Mtoto huyo ni Yesu, Mchungaji Mwema wa Injili ya Yohana, sura ya 10.

Je, kazi hii ni ya nani? Huenda ukajibu upesi kuwa ni ya Wareno, walioiteka Goa mwaka wa 1510. Hakika dini ni yao, na wingi ule wa mapambo wafuata mtindo wa baroko, uliopendwa Ulaya zama zile. Wamisionari walileta picha zilizochapwa kwao, mafundi wakazitumia kama vielelezo.

Lakini tazama tena. Ulaya, Mchungaji Mwema kwa kawaida huonyeshwa amesimama. Huyu ametulia kama Buddha aliyezama katika tafakuri, na jabali lake limepangwa ngazi kwa ngazi, lenye kukumbusha nakshi za mahekalu ya Kihindi. Mchongaji alipewa dini ya wageni, naye akaichonga kwa mkono uliofunzwa na wazee wake.

Na pembe je? Nyingi zilitoka Afrika ya Mashariki. Pembe za ndovu wetu ni kubwa, tena ni laini kwa patasi. Zilibebwa kutoka bara hadi Kisiwa cha Msumbiji, zikavushwa bahari kwa merikebu. Hata Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka wa 1593, ilikuwa chini ya amri ya Goa hiyo hiyo.

Sanamu hizo hazina sahihi ya mchongaji, wala majina ya wawindaji na wapagazi hayakuandikwa. Basi usomapo historia, usiridhike kumjua mwenye kuagiza kitu. Uliza pia ni nani aliyekifanya, na mali yake ilitoka wapi. Hapo ndipo utakapowaona na wazee wetu.