Kisiwa Panza na Bahari Yake

Katika karne ya 13, mwanajiografia Yaqut al-Hamawi aliieleza Pemba kwa jina walilolitumia Waarabu, Kisiwa cha Kijani, akataja miji yake miwili, Mtambwe na Mkumbuu. Visiwa vidogo vya kusini havimo. Hata leo mgeni akiteremka bandari ya Mkoani hupanda gari moja kwa moja kwenda Chake Chake, asijue kwamba ng'ambo ya maji, upande wa Chokocho, kuna shehia nzima ya watu. Kisiwa Panza si mji. Kina sheha wake, misikiti, skuli, minazi na diko la samaki, na anayetaka kukifika sharti apande chombo.

Karafuu ndiyo iliyoipa Pemba jina, hasa baada ya kimbunga cha 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja. Watu wa visiwa vidogo wao walishika bahari. Mpemba mvuvi huenda dago: huhama na nyavu zake miezi kadhaa, akapiga kambi Tanga, Shimoni au Kilifi, kisha akarudi. Wengine hawakurudi. Wajukuu wao waliishi Kenya bila kitambulisho mpaka mwaka 2023, serikali ya huko ilipowatambua Wapemba kuwa kabila mojawapo la nchi.

Waliobaki Panza wameiona bahari ikiwafuata nyumbani. Mikoko ilikatwa kwa boriti na kuni, ufuo ukabaki wazi, na bamvua likaingiza maji ya chumvi mashambani. Mpunga haustahimili chumvi. Ndiyo maana wanakijiji wakaanza kupanda mikoko tena, mche kwa mche, katika tope la magotini.

Lakini lililo kubwa kuliko yote katika tarehe ya kisiwa hiki, kwa maoni yangu, ni uamuzi wao juu ya pweza. Maji yakipwa, wanawake hutoka mwambani na kijiti au chuma chembamba. Mzoefu hamtafuti pweza mwenyewe. Hutafuta mlango wake, ambako magamba ya kaa na chaza yamelundikana kama taka za jikoni. Huchokoa, pweza hukamata chuma, huvutwa, kisha hupigwapigwa jiweni mpaka alainike. Katikati ya miaka ya 2010, wakisaidiwa na mtandao wa jamii za pwani uitwao Mwambao, walikubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa. Kanuni ni rahisi. Pweza huishi takriban mwaka mmoja tu na hukua mbio. Ukimwacha miezi mitatu, wa gramu mia kadhaa huwa wa kilo na zaidi. Ugumu ni kuvumilia. Mama aliyezoea kupata kitoweo kila bamvua anaambiwa angoje, naye anauona mwamba ule pale, mbele ya macho yake. Waliokubali kungoja hivyo wanastahili heshima kubwa.

Kisha ikaja Machi 2024. Nyama ya kasa ni kitoweo kinachopendwa Pemba tangu enzi, ingawa kumvua kasa ni marufuku. Iliyoliwa Panza siku zile iliua watoto 8 na mtu mzima mmoja, na watu 78 wakalazwa hospitali. Novemba 2021, Pemba hiyohiyo, watu 7 walikwisha kufa kwa nyama ya namna hiyo. Sumu yake haionekani, na jiko haliiondoi hata nyama ichemke mchana kutwa. Wanaodhurika zaidi ni watoto.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na jamaa Panza, Makoongwe au Mwambe, mwambie leo: kasa akinasa wavuni, nyuzi zikatwe arudi majini, na nyama yake, hata kipande cha kuonja, asipewe mtoto.