Nyumba iliyodhaniwa salama: wanawake wa Bujumbura, kipigo na maradhi

Nilipopewa kazi ya kuandika insha ya historia, nilikusudia kuandika juu ya bandari ya Bujumbura, kwa sababu babu yangu alibeba mizigo pale miaka mingi. Nikaenda Buyenzi kumwuliza bibi. Alinijibu machache, kisha akasema: "Mjukuu wangu, habari za babu yako kila mtu anazijua. Mbona huniulizi kodi ya mama yangu?" Sikujua ni kodi gani. Bandari nikaiacha.

Kodi hiyo ilikuwa hivi. Wakati wa Wabelgiji, mji ukiitwa Usumbura, mwanamke aliyeishi mjini bila mume alitozwa kodi ya peke yake. Katika karatasi za serikali wanawake hao waliitwa "wanaoishi peke yao kinadharia". Neno hilo "kinadharia" linanichekesha na kunikera kwa pamoja, maana karani alikwisha kuamua kwamba nyuma ya pazia yupo mwanamume anayelipa. Mjane, aliyepewa talaka, muuza vitumbua, wote walitiwa kapu moja, na mitaani ikaitwa kodi ya malaya. Katika miaka ya 1950 wanawake Waislamu wa Buyenzi waliikataa waziwazi. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt amekieleza kisa hicho katika makala yake ya mwaka 1991. Mama yake bibi alikuwa mjane, na alikuwa mmoja wao.

Msomaji ataniuliza: kodi ina uhusiano gani na mume anayempiga mke wake, au na maradhi ya zinaa? Kwangu mimi uhusiano ni mkubwa. Serikali za kikoloni katika sehemu nyingi za Afrika ziliwatazama wanawake wa mjini wasio na waume kama chanzo cha kaswende na kisonono. Mwanamke aliye nje ya nyumba ya mwanamume ndiye aliyekuwa hatari. Aliye ndani alihesabiwa kuwa salama, na hakuna aliyebisha hodi kuuliza yanayompata humo. Wabelgiji waliondoka mwaka 1962, Usumbura ikawa Bujumbura, lakini fikra hiyo haikupanda ndege pamoja nao.

Ilipata hata wenyeji wa kuilinda. Kwa Kirundi, mwanamke akirudi kwao na jicho limevimba, huambiwa "niko zubakwa", yaani ndivyo nyumba zinavyojengwa. Hurudishwa kwa mumewe pengine siku ileile. Sheria ya watu na familia ya mwaka 1980 ilipiga marufuku kuoa wake wengi, nayo iliporekebishwa tarehe 28 Aprili 1993 ilibaki na neno kwamba mume ndiye mkuu wa nyumba. Sisemi kwamba sheria iliamuru kipigo. Nasema iliufunga mlango na ufunguo ikampa mtu mmoja.

Wakati huo SIDA, kama tunavyouita UKIMWI huku kwetu, ilikuwa imekwisha kuingia. Mgonjwa wa kwanza alitambuliwa Burundi mwaka 1983. Watu walisema tena yaleyale ya wakati wa kodi: ni ugonjwa wa malaya na wa madereva wa malori. Mtu aliyeivunja kauli hiyo hadharani alikuwa mke wa ndoa. Mwaka 1995, vita vikiwa vimepamba moto nchini, Jeanne Gapiya-Niyonzima alikuwa kanisani Bujumbura padri akihubiri kwamba wenye ugonjwa huo waonewe huruma ingawa wametenda dhambi. Alisimama mbele ya watu wote akasema yeye anao, na kwamba alikuwa mke mwaminifu. Alikuwa amekwisha kufiwa na mume na mtoto. Chama cha ANSS alichokianzisha mwaka 1993 baadaye kilifungua kituo cha matibabu kinachoitwa Turiho, maana yake "tupo". Kwa mara ya kwanza, naona mimi, mji ulisikia kwamba ugonjwa unaweza kumfuata mwanamke hadi ndani ya nyumba yenye cheti cha ndoa ukutani.

Hapa naomba niache tarehe kidogo. Shangazi yangu alipimwa akiwa na mimba, kwenye kliniki ya wajawazito. Wanawake wengi hujua hali yao kwa njia hiyo, kwa kuwa wao ndio wanaokwenda kliniki. Hivyo mke ndiye hupata jibu kwanza, na anayepata jibu kwanza huonekana ndiye aliyeleta. Muuguzi alimwambia amlete mumewe naye apimwe, na tangu siku ile watumie kondomu. "Nimwambie nani?" aliniuliza shangazi, kana kwamba muuguzi ni mimi. Alipomwambia mumewe, alipigwa hadi jino likatoka. Mume hakupimwa mpaka alipoanguka kitandani mwenyewe. Miaka miwili shangazi alificha vidonge ndani ya kopo la unga wa muhogo, na siku ambazo mume alishinda nyumbani hakumeza. Daktari alimgombeza kwa kuruka dawa. Kuhusu jino hakuuliza. Shangazi ameniruhusu kuyaandika haya bila jina lake.

Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2013 kwamba katika baadhi ya maeneo ya dunia, mwanamke anayetendewa ukatili na mwenzi wake huwa na uwezekano mara 1.5 zaidi wa kuwa na virusi hivyo kuliko asiyetendewa. Sisi kopo la unga lilikwisha kutueleza kwa nini.

Vita vilileta somo jingine. Septemba 2003 Madaktari Wasio na Mipaka walifungua Bujumbura kituo cha Seruka kwa waliobakwa. Seruka ni "jitokeze". Mwanamke aliyefika kabla ya saa 72 kupita alipewa dawa za kuzuia virusi, za kumeza siku 28, na dawa ya kuzuia mimba. Watu walidhani kituo ni cha wakati wa bunduki tu, kitafungwa askari wakirudi kambini. Bunduki zilipotulia wanawake waliendelea kuja, na wengi waliwajua waliowatendea: jirani, ndugu, mtu wa nyumbani. Mwaka 2009 kituo kilikabidhiwa kwa Warundi wenyewe, na bado kipo.

Mwaka huohuo, tarehe 22 Aprili, ilitoka sheria mpya ya adhabu. Mbakaji aliongezewa miaka gerezani. Nikafika kwenye kifungu cha mume anayembaka mkewe, nikakisoma mara mbili nikidhani Kifaransa changu kimenipotosha. Siku 8 za kifungo, na faini ya faranga 10,000 hadi 50,000, au mojawapo tu ya adhabu hizo. Faini ile ya juu ilikuwa kama dola 40 za wakati ule. Tendo ni lile lile, maradhi ni yale yale. Kilichobadilika ni mlango ambao tendo limefanyika nyuma yake. Ilitungwa sheria maalumu ya kupambana na ukatili wa kijinsia tarehe 22 Septemba 2016, na ni hatua, lakini mwanamke bado anatakiwa aende kumshtaki mtu anayelipa kodi ya nyumba anayolala.

Uchunguzi wa afya wa taifa wa 2016 na 2017 ulikuta kwamba wanawake 36 kati ya 100 walikwisha kupigwa tangu walipotimiza miaka 15, na 23 kati ya 100 walikwisha kutendewa ukatili wa kingono. Virusi vilikuwa kwa asilimia 1.2 ya wanawake na 0.6 ya wanaume. Nilimtajia bibi namba hizo. Hakushangaa, aliuliza tu kama waliohesabu waliingia ndani au waliishia barazani.

Nilipomaliza kuandika nilimsomea yote, nikimtafsiria maneno magumu. Palipohusu shangazi alitazama chini, na mimi nikasoma haraka. Kisha akanirudisha mwanzo. Katika nakala ya kwanza niliandika kwamba mama yake alitozwa kodi akailipa kwa shida, maana nilidhani hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa wote. "Futa," akasema. "Alikaa chini na wenzake, wakakataa. Hakulipa."

Nimefuta.